"Hiyo Bodi ni ya Kuchomeka Tu, Haichorwi"

Nikisikia tena sentensi hiyo nitafunga karakana. Vijana wengi wanaoniletea michoro hapa Tabora wanatengeneza vidhibiti joto vya mabani ya tumbaku, na karibu wote wanatumia ESP32 (chipu ya kudhibiti vifaa) iliyokuja tayari kwenye bodi yake, yaani moduli ya kuchomeka. Kwenye mchoro, badala ya moduli yenyewe, wanaweka konekta mbili za pini 15, J1 na J2, namba tupu, wamemaliza.

Konekta tupu haisemi kitu. Pini ya 7 ni GPIO33 au GPIO18 (GPIO ni pini za kuingiza na kutoa ishara)? Msomaji hajui, na KiCad, programu ya kuchorea saketi, haijui vilevile. Konekta za maktaba ya KiCad, pini zake hazitambuliwi kama zinatoa umeme au zinapokea, kwa hiyo ukaguzi wa makosa ndani ya programu unazipita kimya. Kijana mmoja wa Urambo alikuwa ameunga 3.3 V ya moduli na 3.3 V ya regyuleta yake (kifaa cha kutuliza volti), regyuleta mbili, ya moduli na yake, zinagombania laini moja, na programu ikamwambia hana kosa! Tulipoichora moduli kama kifaa kimoja, kila pini na jina lake, 3V3 ikiwa pini inayotoa umeme, kosa likajitokeza papo hapo.

Na alama hiyo ya moduli iwe moja kweli. Ukizitenganisha safu mbili za pini, kwenye bodi unayobuni utasogeza moja na kuisahau nyingine, kisha moduli igome kuingia. Bodi za ESP32 zenyewe hazilingani: kuna za pini 30, za pini 38, nyembamba na pana. Pima iliyo mkononi mwako. Halafu (hili nalirudia kwa kila mtu) chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, toboa matundu, chomeka moduli uone, ndipo uagize.

Nasikia na sentensi nyingine, hadi za Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na Arduino Uno (bodi ya kudhibiti vifaa). "Pini ya 17 ya Raspberry Pi ndiyo GPIO17." Siyo. GPIO17 iko pini ya 11; ya 17 ni 3.3 V. Andika namba na jina, vyote viwili.

"TX kwa TX." Hapana jamani. TX (pini ya kutuma data) ya moduli inaingia RX (pini ya kupokea) yako.

"Pini za Arduino Uno zote zimeachana milimita 2.54." Kati ya pini ya 7 na ya 8 kuna milimita 4.06. Acha kupinda miguu ya heda (safu ya pini) kwa koleo. Alama ya Uno nzima, na matundu yake, imo tayari kwenye maktaba ya KiCad.