Misa ya Bach: sikiliza pale Crucifixus inapoishia

Msimu wa korosho ukianza, kwaya yangu hapa Mtwara inakupwa kama bahari. Wengine wako Newala, wengine Tandahimba, na sauti ya tatu yote inaweza kupotelea mashambani wiki tatu. Jumatano iliyopita walikuja saba. Kufundisha wimbo mpya kwa watu saba ni kujitafutia kazi ya kuufundisha tena, kwa hiyo nikatoa spika ndogo ya kuchaji, nikawawekea Misa ya B maina ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, ile ambayo do iko D lakini unaanzia la. Ninazo rekodi nne kwenye simu. Swali la kwanza likatoka kwa kijana wa besi: "Mwalimu, sasa ipi ndiyo yenyewe?"

"Yenyewe" haipo, na si kwamba nakwepa swali. Bach hakuiandika Misa hii kwa mkupuo mmoja. Mtakatifu aliutunga mwaka 1724. Utuhurumie na Utukufu aliupelekea utawala wa Dresden mwaka 1733, akiomba cheo. Nasadiki na sehemu zilizobaki alizikamilisha mwishoni kabisa mwa maisha yake, akichukua humo na nyimbo zake za zamani, halafu akafariki mwaka 1750. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuisikia nzima. Kwa hiyo kila anayeirekodi anakisia, na vizuri tujue anakisia nini.

Ugomvi mkubwa ni idadi ya waimbaji. Mwaka 1730 Bach aliwaandikia wakubwa wa mji wa Leipzig akilalamika (walimu wa kwaya wenzangu, mnaona hatukuanza sisi) kwamba kila kwaya inahitaji watu 12 kwa uchache, na wakiwa 16 ni bora zaidi. Kwa miaka mingi barua hiyo ilisomwa hivyo hivyo ilivyo. Mwaka 1981 Joshua Rifkin, mwongozaji wa muziki Mmarekani, akaja na usomaji mwingine: hao 16 ni orodha ya walio tayari, wakiwemo wa akiba kwa ajili ya mafua, si idadi ya wanaofungua kinywa kwa pamoja. Waliofungua kinywa, anasema, walikuwa mtu mmoja kwa kila sauti. Mwaka 1982 akaitoa Misa nzima kwa mtindo huo. Ni Rifkin huyu huyu aliyerekodi muziki wa piano wa Scott Joplin, mtunzi wa ragtime wa Marekani, kwa hiyo kushtua watu alikuwa amezoea.

Nyingine tatu nilizonazo, kila moja kwa jina la mwongozaji wake, ni ya Karl Richter ya 1961, kwaya kubwa ya München na vyombo vya kisasa. Ya Otto Klemperer ya 1967, mzee wa miaka 82 anayekwenda taratibu kama jahazi lililopakia mawe. Na ya John Eliot Gardiner ya 1985, kwaya ndogo iliyonoleka na vyombo vya mtindo wa zamani.

Kabla ya lolote, tahadhari moja kwa anayetaka kufuatisha na kinanda. Nilipoweka Gardiner nikagusa B, ikagoma. Mwanakwaya mmoja akasema simu imeishiwa chaji. Hapana. Vyombo vya zamani huwekwa noti A ya mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440 tuliyoizoea, yaani karibu nusu hatua chini. Bonyeza kitufe cha kushusha ufunguo, weka kutoa moja, mtakutana. Na usiseme kwaya imeshuka, kama nilivyowahi kusema mimi mbele ya watu.

Sasa, mahali pa kupimia. Watu hulinganisha mwanzo, kile kilio cha Kyrie, yaani Utuhurumie, kwa sababu ndipo usingizi haujawashika. Mimi naenda katikati ya Nasadiki, Crucifixus, "akasulibiwa pia kwa ajili yetu sisi". Chini kabisa besi ya vyombo inateremka nusu hatua nusu hatua. Niliwaimbisha wale saba: la, se, so, fe, fa, mi. Halafu inarudi juu na kuteremka tena. Mara kumi na tatu. Waimbaji juu yake wanaingia mmoja mmoja kama watu waliokuja msibani wasiojua pa kukaa.

Subiri mara ya kumi na tatu. Filimbi na vinanda vya nyuzi vinanyamaza, inabaki besi peke yake na waimbaji, chini, kimya, "akazikwa". Na hapo Bach anageuza njia: ile la tuliyoshikilia wimbo wote inaachwa, tunatua kwenye G, kwenye do, pepesi kabisa, kaburini. Halafu bila utangulizi wa chombo chochote kwaya nzima inapasuka na Et resurrexit, "akafufuka", tarumbeta tatu na ngoma juu yake.

Kwa Klemperer kuteremka huko kuna uzito unaoumiza, na bado naiheshimu, ila ufufuko wake unanikumbusha mtu anayenyanyuka kitini kwa kushika magoti. Richter anatisha zaidi; kwaya yake ikipasuka hapo, spika yangu ilikoroma. Tatizo ni "akazikwa": watu wengi wakinong'ona pamoja, mnong'ono unakuwa upepo, na lile geuko la kwenda G unalisikia kama ukungu. Kwa Rifkin unalisikia kila mtu anaposogea. Alto anashuka, unamwona. Wale saba waliacha kupepea vipeperushi. Lakini tarumbeta zikiingia, waimbaji wake watano wanabanwa, na hapo namhurumia soprano wake.

Kuna kipande kingine ndani ya Et resurrexit, "atakuja tena kwa utukufu", besi wanaachiwa uwanja peke yao kwa mstari mrefu wenye kona nyingi. Kwenye rekodi za kwaya kubwa wakiimba besi wote, zile noti za haraka zinashikana kama ugali ulioungua. Mmoja akiimba, kila noti ina mguu wake. Yule kijana wa besi aliomba kirudiwe mara nne, na mara ya nne alikuwa anakifuata kwa kidole mezani.

Mzee wetu mmoja aliyejifunza Kilatini kwa wamisionari wa Kijerumani upande wa Ndanda alisikiliza akiwa amefumba macho, akatoa hoja moja tu: yeye alifundishwa "krutsifiksus", si "kruchifiksus", na asiyetamka hivyo anaimba Kiitaliano. Nimelihifadhi.

Kama bando lako linatosha rekodi moja, chukua Gardiner ya 1985: pale G inasikika, na tarumbeta hazimezi watu. Kama unafundisha besi, tafuta Rifkin. Richter iweke siku una spika kubwa na majirani wamesafiri. Jumatano hii, wakija saba tena, tunaijaribu ile la, se, so, fe, fa, mi chini ya "Utuhurumie" yetu wenyewe, mtu mmoja mmoja kwa sauti. Teno nitaimba mimi.