Swala ya Magharibi: wakati wake unaingia lini na unatoka lini

Magharibi ni swala ya faradhi inayoswaliwa jua likishatua. Ukianza kuhesabu na alfajiri ni ya nne kati ya tano, lakini kwa kalenda ya Hijria siku mpya huanza na magharibi. Ndiyo maana tarawehe huanza kuswaliwa kabla mtu hajafunga hata siku moja ya Ramadhani. Rakaa zake ni tatu: katika mbili za mwanzo imamu husoma kwa sauti, ya tatu husoma kimya. Baada yake kuna sunna ya rakaa mbili.

Wakati wake huingia pale duara zima la jua linapozama. Likibaki hata ukingo mwembamba, bado. Likishazama lote, wekundu uliosalia mbinguni haumzuii mtu kuswali wala kufuturu. Hivyo ndivyo wanavyosema Masunni. Mashia wa madhehebu ya Jaafari wengi hungoja kwanza wekundu wa upande wa mashariki utoweke, kwa hiyo adhana yao huchelewa kwa dakika kadhaa.

Ratiba tunazozisoma ukutani au kwenye simu huhesabu kwamba jua limetua pale kitovu chake kinapokuwa nyuzi 0.833 chini ya upeo. Sehemu ya tarakimu hiyo ni nusu ya upana wa jua lenyewe, na iliyobaki ni kazi ya hewa, ambayo hupinda mwanga na kutuonyesha jua ambalo kwa hesabu limekwisha kuzama. Hesabu hiyo pia humchukulia msomaji kuwa yuko usawa wa ardhi. Aliye juu sana huendelea kuliona jua wakati wa chini wamekwisha kuadhini. Jambo hili lilizuka Dubai mwaka 2011, wanazuoni wakawaambia wakazi wa jengo la Burj Khalifa kwamba kuanzia ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na waliopita ghorofa ya 150 wangoje tatu.

Mwisho wa wakati ndio wenye mjadala. Wengi wanasema ni kutoweka kwa shafaki, yaani wekundu wa upande wa machweo. Abu Hanifa alisema ni weupe unaofuata baada ya wekundu huo, na kwa rai yake magharibi huwa ndefu kidogo. Imamu Shafii katika kauli yake mpya aliubana zaidi: muda wa kutawadha, kuadhini, kukimu na kuswali rakaa tano tu. Hoja ilikuwa kwamba Jibrili alimswalisha Mtume (s.a.w.) magharibi siku mbili mfululizo kwa wakati uleule. Lakini hadithi nyingine katika Sahihi Muslim inaonyesha Mtume aliichelewesha mpaka shafaki ikakaribia kutoweka, na Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu hayohayo ya Shafii, akaipa nguvu kauli ya kale ya Shafii, kwamba wakati huendelea mpaka shafaki itoweke. Kwa maoni yangu hadithi hiyo inatosha kumtuliza aliyekwama njiani. Hata hivyo, kuiwahi ndiyo bora kwa wote.

Saa ya magharibi hubadilika kila siku, na ukubwa wa badiliko hutegemea umbali kutoka ikweta. Karibu na ikweta tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa. London, jua la Desemba hutua kabla ya saa kumi jioni, na la Juni baada ya saa tatu usiku. Hata ndani ya nchi moja ratiba ya mji mwingine haifai: kila nyuzi moja ya longitudo kuelekea magharibi huchelewesha machweo kwa dakika nne.

Msafiri hupunguza adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbilimbili. Magharibi hubaki tatu popote alipo, ila anaweza kuijumuisha na isha, kama wafanyavyo mahujaji wakifika Muzdalifa usiku baada ya kusimama Arafa.