Saratani ya ovari iliyosambaa: picha anayoisubiri daktari wa upasuaji

Bahasha ya kaki, ndani yake karatasi moja ya majibu. Mara nyingi hicho ndicho anachotuwekea mezani, sisi tunaosoma picha, mama aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Arua hadi Kampala. CD yenye picha zenyewe imebaki nyumbani, au hakupewa kabisa. Majibu tunayasoma, ila daktari wa upasuaji hapasui karatasi.

Kuwapo kwa uvimbe huwa kumeshaonekana kwenye ultrasaundi. CT scan, picha za eksirei za kompyuta zinazoonyesha tumbo vipande vipande, tunaipiga kwa swali jingine: je, uvimbe wote unaoonekana kwa macho unaweza kutolewa? Mgonjwa asiyebakiziwa uvimbe unaoonekana kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko aliyebakiziwa.

Saratani hii ya ovari, kiungo cha mayai ya mwanamke, humwaga mbegu zake ndani ya tumbo. Zinaelea kwenye maji yanayojaa tumboni, zinapanda hadi chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, juu ya ini, na zinajishika kwenye utando wa mafuta unaofunika utumbo kama aproni. Utando huo huweza kuwa mnene na mgumu kama chapati iliyolala. Unatisha kwenye picha, lakini kuutoa si kazi kubwa. Hata bandama huweza kutolewa. Panaponifanya nirudie picha mara tatu ni kwenye shina la utumbo mwembamba, inapoingilia mishipa yake ya damu. Saratani ikipakamata hapo, utumbo hujikunja na kuvutana, na huwezi kuukata wote ukamwachia mtu njia ya chakula.

Hapo huanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, mara nyingi mizunguko mitatu ya carboplatin na paclitaxel, kisha picha inarudiwa ndipo upasuaji ufuate. Wapo wanaolia wakisikia hivyo, wakidhani wameachwa. Hawajaachwa.

CT nayo hudanganya. Punje zilizo chini ya mm 5, hasa juu ya utumbo, huipita kirahisi, kwa hiyo wakati mwingine daktari huanza kwa kuchungulia tumbo kwa kamera ndogo. Halafu kuna kifua kikuu cha tumbo, ambacho hapa Uganda hatuthubutu kukisahau: maji yaleyale, utando mnene uleule, hata kipimo cha damu cha CA-125 kinapanda. Ndiyo maana tunataka kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kipimwe maabara kabla ya kemo. Tukikataa kukuanzishia kemo haraka, vumilia.

Siku ya picha, sema mapema kama una tatizo la figo, unatumia metformin, dawa ya kisukari, au uliwahi kuwashwa au kubanwa pumzi ulipodungwa dawa ya kung'arisha picha. Usishangae tukipiga na kifua: maji kando ya mapafu, yakikutwa na seli za saratani, hubadilisha hatua ya ugonjwa.

Na usiondoke dirishani bila CD. Iandike jina na tarehe, uitunze pamoja na za zamani, maana baada ya kemo tutaziweka mbili kwenye skrini, ubavu kwa ubavu.