Je, wajua kwa nini ndege ya vita ilikaa karibu miaka 45 chini ya ziwa Loch Ness?

Mwaka 1976 Wamarekani waliokuwa wakimsaka lile dubwana maarufu la Loch Ness, huko Uskoti, walipitisha mitambo ya mawimbi ya sauti juu ya sakafu ya ziwa. Dubwana hawakuliona. Walichokiona ni ndege, imelala kwenye kina cha mita 70 hivi.

Ilikuwa Wellington namba N2980, ndege ya mabomu ya Uingereza yenye injini mbili. Tena haikuangushwa na adui. Tarehe 18 Desemba 1939 ilikuwa miongoni mwa Wellington 22 zilizofika karibu na pwani ya Ujerumani mchana kweupe, na 12 kati ya hizo zikapotea. Hii ikarudi. Ikaendelea kupiga mabomu mwaka uliofuata, kisha ikapelekwa Lossiemouth, kituo cha jeshi la anga huko Uskoti, kufundishia vijana.

Hapo ndipo penye jibu. Ndege mpya zilihitajika vitani, kwa hiyo wanafunzi walipewa zilizokwisha kuchoka. Mwanafunzi mgeni, injini kuukuu, milima na majira ya baridi ya Uskoti: vyote vilikutana angani kwa wakati mmoja. Kikosi cha mabomu cha Uingereza kilipoteza zaidi ya watu 55,000 katika Vita vya Pili vya Dunia, na maelfu kati yao walifia mazoezini, bila hata kumwona adui. Hao huwa hawatajwi sana, nami naona si haki.

Tarehe 31 Desemba 1940 N2980 iliruka na watu wanane, rubani akiwa Marwood-Elton. Walipokuwa juu ya milima, theluji ikiwazunguka, injini ya kulia ikazima na ndege ikaanza kushuka. Rubani akawaamuru wenzake waruke kwa parachuti. Sita wakaruka. Watano walifika chini wakiwa hai. Wa sita, Sajenti Fensome, mpiga bunduki wa mkiani, parachuti yake ilinasa kwenye ndege, akafa.

Waliobaki ndani ni rubani na msaidizi wake, Slatter. Mawingu yalipofunguka kidogo, Marwood-Elton aliona maji marefu chini yake, akaishusha ndege juu ya ziwa taratibu kiasi kwamba haikuvunjika vipande. Wawili hao wakaingia kwenye boti ya mpira, wakapiga kasia hadi ufukoni. Ndege ikazama nyuma yao.

Mbona haikuoza? Maji ya kina kile ni baridi mwaka mzima, ni giza, na hayana chumvi. Halafu kuna umbo lenyewe. Mhandisi Barnes Wallis aliisuka mifupa ya Wellington kwa vipande vya aluminiamu vinavyopishana, kama dema la mvuvi, kisha ikavikwa kitambaa. Hata kitambaa kikiliwa na maji na vipande kadhaa vikikatika, vilivyobaki vinashikana.

Ilivutwa juu Septemba 1985, ikapelekwa kwenye makumbusho ya Brooklands, palepale ilipoundwa. Katika Wellington zaidi ya 11,000 zilizotengenezwa, zimesalia mbili tu. Mafundi walipoziunganisha taa zake za mkiani na betri mpya, ziliwaka. Huko mkiani ndiko alikokuwa akikaa Fensome.