Wabulgaria ni Waslavi, Waturuki au Watrakia? Dhana potofu kuhusu asili yao na ukweli wenyewe

Kila ukianza mjadala mtandaoni unaohusu Ulaya ya mashariki, Bulgaria ikitajwa tu lazima atokee mtu aandike "hao si Warusi tu hao", mwingine anamjibu "hapana bana, hao ni Waturuki waliobatizwa", wa tatu anakuja na habari za DNA alizozisoma nusu, basi hapo mada imeshaharibika. Mimi hii mada naipenda na nimeifuatilia muda mrefu, na inaniuma kuona taifa la watu zaidi ya milioni 6 wanamalizwa kwa sentensi moja, kwa hiyo leo naomba tuzipitie hizi dhana kwa utulivu.

Tuanze na ya Urusi maana ndo nyepesi. Watu wanaona maandishi ya Kibulgaria, wanaona "herufi za Kirusi", wanahitimisha palepale. Ukweli ni kwamba zile herufi za Kikirili hazikutoka Urusi kwenda Bulgaria, zilitoka Bulgaria ndo zikafika kwa Warusi. Mwaka 886 mtawala Boris aliwapokea wanafunzi wa watakatifu Cyril na Methodius, wale wamisionari walioanza kuandika vitabu vya dini kwa Kislavi, waliokuwa wamefukuzwa kule Moravia, Ulaya ya kati, akawapa pa kukaa na pa kufundisha, mmoja wao, Clement, akapelekwa upande wa Ohrid, wengine wakabaki karibu na makao makuu, na kwenye shule ya uandishi ya Preslav ndiko zilikozaliwa hizi herufi, mwishoni mwa karne ya 9 au mwanzoni mwa karne ya 10. Watu wa Kiev wamebatizwa 988, yaani karibu karne nzima baadaye, wakapokea vitabu ambavyo Wabulgaria walikuwa wameshaviandika. Ukipata noti mpya ya euro iangalie vizuri, utakuta neno euro limeandikwa kwa herufi za aina tatu, na ile ya Kikirili imewekwa kwa ajili ya Bulgaria, iliyoingia Umoja wa Ulaya 2007.

Lugha zenyewe ni ndugu, sikatai, ila ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Mwanamke kwa Kibulgaria ni zhena, na ukitaka kusema "yule mwanamke" tunayemjua mimi na wewe unabandika kitu mwishoni inakuwa zhenata. Mrusi hana hicho kitu. Anayebandika mwishoni namna hiyo ni Mromania na Mwalbania, majirani ambao hata sio Waslavi.

Sasa hii ya Uturuki inataka subira, sababu ndani yake kuna mambo mawili tofauti kabisa na watu wanayakoroga pamoja.

La kwanza ni utawala wa Waosmani, dola ya Kituruki. Tarnovo, makao makuu ya Bulgaria ya wakati huo, ilianguka 1393, mji wa Vidin 1396, na nchi haikupata serikali yake tena mpaka 1878, karibu miaka 500 hiyo. Lazima vitu vibaki. Mbulgaria akitaka kuwasha jiko anaomba kibrit, nguo za zamani za bibi ziko kwenye sandak, duka la kizamani linaitwa dyukyan, na mtu asiyejua kinachoendelea atakwambia "nyamam haber", neno kwa neno ni "sina habari"! Mara ya kwanza kukutana na hiyo nilirudia kuisoma mara tatu. Kiberiti, sanduku, duka, habari, yote haya yametoka Kiarabu, kwao yakapitia Kituruki, kwetu yakaja na majahazi. Sasa sisi tunaosema sanduku kila siku tumekuwa Waarabu? Watu wa pwani yetu wanalijua hili kuliko mtu yeyote, wameambiwa sana kwamba lugha yao na wao wenyewe ni vya kuazima wakati sarufi nzima ni ya Kibantu. Neno linasafiri na biashara na dola, halikwambii nani alimzaa nani.

La pili ndo lenye utamu. Kabla ya Waosmani, miaka zaidi ya 600 kabla yao, kweli kulikuwa na watu waliokuwa wanaongea lugha ya jamii ya Kituruki na wao ndo walioleta jina. Hawa nitawaita Wabulgari wa kale tusichanganye na Wabulgaria wa leo. Walikuwa wafugaji na wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, khan wao Kubrat aliunganisha dola kubwa huko kwenye karne ya 7, alipokufa Wakhazari wakaisambaratisha na wanawe wakatawanyika kila mtu na watu wake. Mmoja wao, Asparuh, akashuka mpaka mdomo wa mto Danube, mwaka 680 akawapiga Wabizanti, yaani dola ya Roma ya mashariki, pale Ongal, na 681 kaisari Constantine wa Nne akalazimika kufanya naye mkataba na kumlipa kila mwaka. Huo mwaka 681 ndo Wabulgaria wanauhesabu kuwa mwanzo wa dola yao.

Lakini angalia alikuta nini. Kusini mwa Danube hakukuwa patupu. Waslavi walikuwa wameshajaa tangu karne ya 6, wengi kuliko wageni, wana makabila yao na wakuu wao, wanalima. Asparuh hakuwafukuza, alikubaliana nao, makabila saba yakawekwa upande mmoja wa mipaka na Waseveri, nao kabila la Kislavi, upande mwingine kulinda njia za milimani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ile dola ilikuwa na watu wa aina mbili: khan na wakuu wake wanaoongea Kibulgari na kumwabudu Tangra, mungu wao wa mbingu, na wakulima wanaoongea Kislavi. Na maandishi ya serikali je? Kigiriki! Nenda Madara, kaskazini-mashariki mwa Bulgaria, kuna mwamba mrefu umechongwa mpanda farasi juu, mita kama 23 kutoka chini, farasi, mbwa, na simba aliyechomwa mkuki miguuni, na pembeni yake maandishi yanayotaja mambo ya khan Tervel, aliyemfuata Asparuh, na waliokuja baada yake, yote ni Kigiriki. Khan Mturuki, raia Waslavi, karani Mgiriki. Ukiwa na picha hiyo kichwani hutamwelewa tena mtu anayetafuta "Mbulgaria halisi" mmoja.

Kilichowafanya wawe kitu kimoja ni dini na lugha. Boris alibatizwa mwaka 864, wakuu wengi wa Kibulgari hawakutaka, wakaasi, akawaua wakuu 52. Halafu baada ya hao wanafunzi wa Methodius kufika, Kislavi kikawa lugha ya kanisa na ya vitabu, mwaka 893 kikachukua nafasi ya Kigiriki na makao makuu yakahamia Preslav. Ndani ya vizazi vichache lugha ya kina Asparuh ikafa. Imebaki jina la nchi, imebaki neno boyari la wakuu wa zamani, na orodha ya zamani ya makhan yenye majina ya miaka kwa wanyama, mfano shegor ni mwaka wa ng'ombe, na Mturuki wa leo ng'ombe anamwita sığır. Hiyo ndo sababu wataalamu wengi wanasema lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kituruki, tawi ambalo leo limebaki na lugha moja tu hai, Kichuvashi cha huko mto Volga.

Na huko Volga kuna dhana nyingine naipitia haraka. Kuna watu wanadhani Wabulgari wote walikuja Balkani, yaani kusini-mashariki mwa Ulaya. Hapana, wengine walipanda kaskazini wakaanzisha dola yao kwenye Volga, wakasilimu rasmi mwaka 922, msafara wa khalifa wa Baghdad ulifika na Ibn Fadlan akaandika aliyoyaona, mpaka Wamongolia walipoivunja mwaka 1236. Watatari wa Kazan na Wachuvashi wanajihesabu warithi wao. Jina moja, asili moja, wengine Waislamu wa Volga, wengine Waorthodoksi wa Danube.

Nchini Bulgaria kwenyewe, kuanzia miaka ya 1990 imeenea sana dhana kwamba Wabulgari wa kale hawakuwa wa Kituruki bali walitoka Iran. Ina chembe ya ukweli, jina Asparuh lenyewe linafanana na la Kiirani na aspa huko ni farasi, na zile nyika kweli zilikuwa na Wasarmatia na Waalani waliokuwa wanaongea lugha za Kiirani. Lakini kutoka kwenye jina la mtu na majirani mpaka kusema taifa zima ni la Iran ni kuruka mto bila daraja. Mimi naona msukumo wake ni kumbukumbu mbaya ya Waosmani, mtu hataki kusikia kwamba babu yake na aliyemtawala babu yake walikuwa na lugha za ukoo mmoja. Naelewa maumivu hayo, ila historia hatuiandiki kwa maumivu.

Halafu kuna wa Trakia. Hawa wanasema sisi wala sio Waslavi wala sio Wabulgari, sisi ni Watrakia, wenyeji wa kale wa nchi hii, watu wa Spartacus yule mtumwa aliyeasi dhidi ya Roma, wenye makaburi ya Kazanlak na dhahabu ya Panagyurishte, tuko hapa tangu zamani za zamani. Hapa wana haki zaidi ya wanavyopewa. Lugha ya Kitrakia ilikufa lakini watu hawakufa, waliobaki walishaongea Kilatini au Kigiriki chini ya Roma, wakachanganyika na Waslavi. Utafiti wa DNA uliotoka 2023, uliopima mifupa ya watu 136 wa Balkani wa milenia ya kwanza, ulionyesha kwamba watu wa Balkani wa leo wana kati ya asilimia 30 na 60 ya asili iliyokuja na uhamiaji wa Waslavi, kutegemea na sehemu, na nyingine kubwa ni ya wenyeji wa kabla yao. Na kina Asparuh? Alama ya damu ya nyika za mashariki kwa Wabulgaria wa leo ni ndogo sana. Yaani aliyetoa jina ndo aliyetoa damu kidogo, aliyetoa lugha ametoa sehemu kubwa ya damu, na ambaye jina na lugha yake vimepotea bado yumo mwilini mwa watu.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniambia haya yote ni mambo ya kale, yana madhara gani? Yana madhara, na hapa ndo moyo wangu ulipo, kwenye ile dhana kwamba Mbulgaria ni lazima awe Mslavi Mkristo. Kwenye milima ya Rhodope kuna Wapomaki, ni Waislamu na lugha yao ya nyumbani ni Kibulgaria, hawajaitoa popote. Kuna raia Waturuki, sensa ya 2021 imewahesabu asilimia kama 8 ya watu, na Waroma (sio Warumi, ni wale wanaoitwa pia Gypsy) asilimia 4 na kitu. Serikali ya kikomunisti ilitunga hadithi kwamba hao Waturuki ni Wabulgaria waliolazimishwa kusilimu zamani kwa hiyo "warudishwe", na majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 jeshi na polisi walizunguka vijijini watu wabadilishwe majina kwa lazima, Kituruki kikapigwa marufuku hadharani.

Mfano mmoja. Alikuwepo kijana mnyanyua vyuma, Naim Suleimanov, mfupi wa sentimita 147 tu, anavunja rekodi za dunia akiwa bado mtoto. Akaandikiwa jina jipya, Naum Shalamanov. Jina hajalichagua, amepewa kwenye karatasi kama unavyopewa namba. Desemba 1986 timu ikiwa Melbourne akatoroka, akaenda Uturuki, akawa Naim Süleymanoğlu, na kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 akanyanyua jumla ya kilo 342.5 kwenye daraja la kilo 60 akachukua dhahabu, halafu akachukua tena 1992 na 1996. Mwaka 1989 mpaka ulipofunguliwa zaidi ya watu 300,000 wakavuka kwenda Uturuki ndani ya miezi michache tu, magari yamefungwa magodoro na makabati juu, nyumba na mifugo wameviacha. Mwisho wa mwaka huohuo serikali ikaruhusu majina yarudishwe, na Januari 2012 bunge la Sofia likalaani rasmi kitendo kile. Hayo yote yalifanyika kwa jina la "asili halisi".

Ya Makedonia Kaskazini nagusa tu maana ukiingia hutoki leo: Bulgaria ilikuwa ya kwanza kuitambua nchi ile, Januari 1992, ila lugha yao inaiona ni Kibulgaria, na 2020 ikazuia mazungumzo yao ya kuingia Umoja wa Ulaya mpaka 2022. Nani alikuwa Mbulgaria karne ya 10 na anajiita nani leo ni maswali mawili, na la pili anajibu mwenyewe mhusika.

Namalizia na ya martenitsa, yale mapambo ya uzi mwekundu na mweupe wanayofungana mikononi tarehe 1 Machi. Utaambiwa ni ya Asparuh, kwamba alituma ndege na uzi mweupe mguuni kupeleka habari, ndege akajeruhiwa damu ikatia uzi wekundu. Hadithi nzuri na watoto wanaipenda, ila Waromania wanayo, Wamoldova wanayo, Wamakedonia wanayo, na UNESCO mwaka 2017 iliiandikisha kwa nchi zote nne kwa pamoja. Mtu anakaa nayo mkononi mpaka amwone korongo wa kwanza au mti uliochanua, hapo anaifungua na kuifunga kwenye tawi, na ukipita bustani za Sofia wakati huo unakuta miti imejaa nyuzi kabla hata majani hayajatoka.