Ada ya Mwezi na Kura Elfu Moja: Naspers Ilivyokua kwa Kununua na kwa Kuuza

Kampuni kubwa ya habari inapotangaza kwamba imenunua nyingine, jambo la kwanza kuandikwa ni bei, na wasomaji wengi hupima ukuaji wa kampuni hiyo kwa ukubwa wa bei iliyolipwa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma taarifa za fedha za makampuni ya aina hii, nami nimekuja kuamini kwamba bei ndiyo sehemu ya muamala inayofundisha kidogo kuliko zote. Yanayofundisha zaidi ni maswali mawili: fedha ya kununulia ilitoka wapi, na ni nani aliyekuwa na nguvu ya kuamua kwamba kampuni isubiri wakati wanahisa wengine wanashinikiza iuze. Barani Afrika sijaona mfano unaoyajibu maswali hayo waziwazi kuliko Naspers ya Afrika Kusini, kampuni iliyoanza na gazeti moja na kuishia kuwa mmoja wa wawekezaji wakubwa wa intaneti duniani, huku televisheni iliyoiwezesha kufika huko ikipita mikononi mwa Wafaransa.

Ilianzishwa mwaka 1915 huko Stellenbosch kwa jina la De Nationale Pers, na mwezi Julai mwaka huohuo ikatoa gazeti la De Burger. Mhariri wake wa kwanza alikuwa D. F. Malan, ambaye mwaka 1948 angekuwa Waziri Mkuu wa serikali iliyoufanya ubaguzi wa rangi kuwa sera rasmi ya nchi. Kampuni hiyo ilizaliwa kama chombo cha siasa za wazalendo wa Kikaburu, na kwa miongo mingi magazeti yake yaliiunga mkono serikali hiyo. Ndiyo maana nauona ununuzi wake wa mwaka 1984 kuwa mojawapo ya miamala migumu kuielewa katika historia ya habari barani: mwaka huo ilinunua kutoka kwa Jim Bailey jarida la Drum na gazeti la City Press, machapisho yaliyokuwa na wasomaji Weusi na yaliyojijengea heshima kwa kuandika maisha ambayo magazeti mengine hayakutaka kuyaona. Anayenunua gazeti hununua pia imani ya wasomaji wake, na wasomaji hao hawakuulizwa. Ilikuwa mwaka 2015, kampuni ilipotimiza miaka mia moja, ndipo kampuni yake tanzu ya magazeti, Media24, ilipoomba radhi hadharani kwa sehemu yake katika enzi ya ubaguzi.

Kilichoibadili kampuni hii kilitokana na hofu. Afrika Kusini ilichelewa sana kuwa na televisheni. Shirika la utangazaji la serikali, SABC, lilianza matangazo ya kawaida ya televisheni mwaka 1976, na miaka miwili baadaye likaruhusiwa kurusha matangazo ya biashara. Fedha za watangazaji zilianza kuhama kutoka kurasa za magazeti kwenda kwenye kioo, na wachapishaji wakaona chanzo chao cha mapato kikikauka. Kijana mmoja aitwaye Koos Bekker, aliyekuwa masomoni Marekani na kuona jinsi HBO ilivyowauzia watazamaji filamu kwa ada ya kila mwezi, alipeleka wazo hilo kwa wakuu wa Nasionale Pers, kama kampuni ilivyokuwa ikiitwa wakati huo. Mwezi Oktoba 1986 M-Net ilianza kurusha matangazo, ikimilikiwa na kundi la wachapishaji wa magazeti waliokuwa washindani, Nasionale Pers ikiwa mbele yao. Serikali ilitoa leseni kwa sharti kwamba kituo hicho kisitangaze habari, na ili kuwavutia wateja M-Net iliruhusiwa kuonyesha baadhi ya vipindi vyake vya jioni bila king'amuzi.

Hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, kwa kuwa mengine yote yanatokana na hesabu ya ada ya mwezi. Gazeti hupata fedha kwa kuuza nakala na nafasi za matangazo, na mapato hayo hupanda na kushuka pamoja na uchumi. Televisheni ya kulipia hutumia fedha nyingi mwanzoni kwa mitambo, ving'amuzi na haki za filamu na michezo, kisha, ikishapata wateja wa kutosha kulipia gharama hizo, kila mteja anayeongezeka huleta karibu ada yote kama ziada. Zaidi ya hapo, mteja hulipa kabla ya kutazama. Kampuni inayokusanya ada kutoka nyumba nyingi kila mwezi ina fedha mkononi kabla ya kuhudumia, na mapato yake ya mwaka ujao yanaweza kukadiriwa kwa uhakika mkubwa kuliko ya gazeti lolote. Fedha ya namna hiyo ndiyo inayotafutwa na kila anayetaka kununua makampuni bila kupiga magoti kwa benki.

Mwaka 1993 kazi ya kusajili wateja na kukusanya ada ilitenganishwa na M-Net na kupewa kampuni yake, MultiChoice, na mwaka 1995 ikaja DStv, huduma ya dishi yenye vituo vingi iliyoenea katika nchi nyingi kusini mwa Sahara. Kabla ya hapo kundi hilo lilikuwa limejaribu Ulaya, likishirikiana na Richemont, kampuni ya bidhaa za anasa ya familia ya Rupert, kuinunua FilmNet, televisheni ya kulipia iliyokuwa ikihudumia Uholanzi, Ubelgiji na nchi za Skandinavia. Shughuli hizo ziliunganishwa chini ya NetHold, na mwaka 1997 NetHold ikaunganishwa na Canal+, televisheni ya kulipia ya Ufaransa. Sehemu kubwa ya Ulaya ilibaki kwa Wafaransa, na Afrika ikabaki kwa Waafrika Kusini. Wengi waliuona mwisho huo kuwa kushindwa. Mimi nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote iliyofanywa katika muongo huo, kwa sababu uliwatoa katika soko ambalo lingehitaji mtaji wasiokuwa nao na kuwaachia lile walilokuwa hawana mshindani wa kweli. Jina la Canal+ litarudi tena hapa chini.

Swali la pili, la nani anayeamua, lilijibiwa kwa muundo wa hisa. Kampuni ilipoingia Soko la Hisa la Johannesburg mwaka 1994, wanunuzi wa kawaida walipata hisa zinazoitwa N, kila moja ikiwa na kura moja. Pembeni yake zipo hisa za daraja A, chache, zisizouzwa sokoni, na kila moja ina kura elfu moja. Sehemu kubwa ya hizo inashikiliwa na makampuni mawili madogo, Keeromstraat 30 Beleggings na Nasbel, yaliyo karibu na uongozi wa Naspers. Mpango wa aina hii si wa Afrika Kusini pekee. Familia ya Murdoch na familia inayodhibiti New York Times hutumia hisa za madaraja mawili vilevile. Hoja inayotolewa kuutetea ni kwamba chombo cha habari kilindwe dhidi ya mnunuzi wa ghafla anayeweza kugeuza sera ya uhariri. Kwa Naspers, ulinzi huo uliishia kufanya kazi nyingine kabisa: uliipa menejimenti muda.

Bekker alishika uongozi mkuu mwaka 1997, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wake hakulipwa mshahara; malipo yake yalikuwa haki za hisa. Akaelekea China. Jaribio la kwanza huko, la kutoa huduma ya intaneti, lilipoteza fedha na kufungwa. Badala ya kuondoka, kampuni ilibadili njia, ikaacha kupeleka mameneja wake na kuanza kutafuta vijana wa Kichina waliokwisha kujenga kitu. Mwaka 2001, wakati masoko ya hisa bado yalikuwa yakiuguza majeraha ya kuporomoka kwa makampuni ya intaneti, ilinunua asilimia 46.5 ya Tencent, kampuni changa ya Shenzhen yenye huduma ya kutumiana ujumbe, kwa takriban dola milioni 32. Tencent iliingia Soko la Hisa la Hong Kong mwaka 2004, ikazindua WeChat mwaka 2011, na ikawa mojawapo ya makampuni yenye thamani kubwa zaidi duniani.

Husemwa mara nyingi kwamba ule ulikuwa ununuzi uliofanikiwa kuliko wote katika historia ya makampuni ya habari. Sina sababu ya kupinga, lakini nasisitiza kwamba kununua kulikuwa sehemu rahisi. Wawekezaji wengine waliokuwa ndani ya Tencent waliuza mapema, na ndio walioiuzia Naspers. Kushika hisa hizo kwa miaka kumi na saba bila kuuza hata moja, wakati wachambuzi kila robo mwaka wanauliza lini faida itagawiwa, kulihitaji mambo mawili niliyoyataja: ada za DStv zilizoifanya kampuni isiwe na dhiki ya fedha, na kura za hisa za A zilizowanyima wanahisa wenye haraka uwezo wa kulazimisha mauzo. Kampuni ya habari iliyojengwa kwa mikopo, na inayomilikiwa na wanahisa wenye kura sawa, ingekuwa imeuza zamani. Mauzo ya kwanza yalifanyika mwaka 2018, asilimia 2 tu ya Tencent kwa dola bilioni 9.8, mwaka 2021 zikauzwa asilimia 2 nyingine kwa dola bilioni 14.7.

Mafanikio hayo yalileta ugonjwa wake. Hisa za Naspers zilikuwa zikiuzwa Johannesburg kwa thamani ndogo kuliko thamani ya hisa za Tencent ilizozishika, maana yake ni kwamba soko lilikuwa likizipa biashara zake nyingine zote, yakiwamo magazeti, televisheni na masoko ya mtandaoni, thamani iliyo chini ya sifuri. Sababu zilikuwa kadhaa: Naspers ilikuwa imekuwa kubwa mno kwa soko lake la nyumbani, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji walikuwa na mipaka ya kiasi wanachoweza kuweka katika kampuni moja, na wengi hawakuamini kwamba menejimenti ingetumia fedha za Tencent kwa busara ileile. Mwaka 2019 jibu lilitolewa kwa hatua mbili. Mwezi Februari MultiChoice ilitenganishwa na kuorodheshwa peke yake, hisa zake zikigawiwa wanahisa wa Naspers. Mwezi Septemba uwekezaji wa intaneti wa kimataifa ukawekwa ndani ya kampuni tanzu mpya, Prosus, na kuorodheshwa Amsterdam. Tangu hapo Prosus imeendelea kununua, na mwaka 2025 iliichukua Just Eat Takeaway, ya kupeleka vyakula majumbani, kwa euro bilioni 4.1. Katika ukurasa wa hesabu zao wa leo, habari ni mstari mdogo. Mwaka 2024 Media24 ilitangaza mpango wa kusitisha uchapishaji wa baadhi ya magazeti yake makubwa, likiwamo Beeld.

Na televisheni iliyoyalipia haya yote? Iliondoka na wateja wake, bila sehemu yoyote ya Tencent. Kisheria hapakuwa na kosa, kwa kuwa wanahisa walipewa hisa za pande zote mbili. Kibiashara, hata hivyo, MultiChoice iliingia katika ushindani na Netflix na huduma nyingine za mtandaoni ikiwa imetenganishwa na hazina iliyojengwa kwa ada za wateja wake. Haki za ligi kubwa za soka hulipwa kwa sarafu ngumu, ilhali ada hukusanywa kwa naira, kwacha na sarafu nyingine za Afrika. Naira ilipoporomoka kuanzia Juni 2023, mapato ya Nigeria yalisinyaa yalipobadilishwa kuwa dola au randi. Wakati huohuo kampuni ilikuwa ikimimina fedha katika kuijenga upya Showmax, huduma yake ya kutazama vipindi mtandaoni. Kufikia Machi 2025 wateja wake walikuwa wameshuka hadi milioni 14.5.

Ndipo Canal+ iliporudi. Ilianza kununua hisa za MultiChoice sokoni kidogo kidogo mwaka 2020, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ikavuka asilimia 35, kiwango ambacho sheria ya Afrika Kusini humlazimu mnunuzi kutoa ofa kwa wanahisa wote. Ofa ya awali ya randi 105 kwa hisa ilikataliwa na bodi. Ikapandishwa hadi randi 125. Kikwazo kikubwa kilikuwa sheria ya mawasiliano, inayozuia wageni kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni yenye leseni ya utangazaji. Suluhisho lilikuwa kuitenga kampuni yenye leseni na kuiweka chini ya umiliki ambao wengi wake ni Waafrika Kusini, wakiwamo wanahisa wa Phuthuma Nathi, mpango ulioanzishwa mwaka 2006 kuwauzia raia Weusi hisa za MultiChoice. Baraza la Ushindani liliidhinisha muamala mwezi Julai 2025, na Septemba Canal+ ikachukua udhibiti wa kundi, ikiwa sasa na wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70.

Ninapousoma mpangilio huo, swali ninaloliuliza ni lilelile la hisa za A, ila limegeuzwa. Pale Naspers, kura zilitenganishwa na fedha ili waamuzi wachache wa nyumbani wasishinikizwe kutoka nje. Katika MultiChoice ya sasa, leseni na wateja wa Afrika Kusini viko katika kampuni yenye wamiliki wa nyumbani, lakini vipindi, teknolojia na haki za michezo vinatolewa na kundi linalosimamiwa kutoka Paris kwa mikataba kati ya pande hizo mbili. Bei itakayowekwa katika mikataba hiyo ndiyo itakayoamua faida ya ada ya mwezi inabaki wapi, na ndiyo ninayoitafuta katika kila taarifa ya fedha inayotoka.