Unatumia ARV na jicho linakusumbua? Usiishie duka la dawa

Jamani naomba tuongee kuhusu macho ya ndugu zetu wanaoishi na VVU, maana kwenye kitengo chetu cha macho hapa Moshi tunapokea watu kutoka Himo, Same, Boma Ng'ombe mpaka Arusha mjini, na wengi wanafika wakiwa wameshanunua matone ya dukani chupa kibao, jicho limeshaharibika ndo anakumbuka hospitali. Ukimuuliza vizuri anakwambia ilianza kama kitu kidogo tu.

Kinachoniuma zaidi ni kinyama cha jichoni. Huku kwetu vinyama ni vingi, wakulima, wafugaji, vijana wa bodaboda, yani mtu kutwa nzima yuko kwenye jua na vumbi, na vingi ni vile vya kawaida vinavyotambaa taratibu miaka na miaka bila shida kubwa. Ila kwa mwenye VVU kuna kinyama kingine ambacho ni saratani, inaanzia kwenye utando laini unaofunika weupe wa jicho, na mwanzoni vinafanana kiasi kwamba hata sisi kwa kuangalia tu hatuwezi kuapa kwamba hiki ni hiki na kile ni kile, mpaka kikatwe na kipimwe maabara. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa Rwanda na Uganda walishaona kwamba saratani hii inawashika sana wenye VVU, na inawashika wakiwa bado vijana, mtu ana miaka thelathini na kitu. Kinga ikishuka, alafu ongeza jua kali la ukanda huu wa ikweta, hapo ndo inapata nafasi, na kirusi cha HPV nacho kinahisiwa kuchangia.

Sasa ukiona kinyama kimekua ndani ya miezi michache tu, au kina utando mweupe juu yake, au kimekuwa cheusi cheusi, au kina mishipa minene ya damu na jicho jekundu haliishi, usisubiri. Kikiwa kidogo kinakatwa kwa ganzi na mara nyingi mtu analala kwake siku hiyo hiyo, alafu yapo matone ya dawa inayoitwa fluorourasili ambayo utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha yakitumika baada ya upasuaji yanapunguza sana kinyama kurudi. Kikiachwa kinaingia ndani ya jicho na nyuma yake, na hapo tunalazimika kutoa jicho lote ili kuokoa maisha. Kumwambia mama mwenye watoto wadogo habari hiyo, wakati mwanzoni ulikuwa upasuaji mdogo tu, kiukweli inaumiza sana.

Kingine ni mkanda wa jeshi wa usoni. Unaanza na maumivu ya kuchoma upande mmoja wa paji la uso, baada ya siku chache vinatoka malengelenge. Ukiona mpaka kwenye ncha ya pua yametoka, jua jicho la upande huo liko hatarini sana. Hapa masaa yanahesabika, vidonge vya asiklovia vinasaidia zaidi vikianza ndani ya masaa 72, kwa hiyo zile siku za kupaka majivu na majani, au za kuzunguka kutafuta nani amekuroga, ndo siku ambazo jicho linapotea. Na kama ni kijana na hajawahi kupima VVU, apime.

Na tafadhali yale matone yenye steroidi, ambayo watu wanayapenda kwa sababu wekundu unaisha fasta, msijiwekee wenyewe. Kama ndani kuna kidonda cha virusi au fangasi, wekundu unapungua huku kidonda kinachimba.

Kuna ugonjwa mwingine wenyewe hauumi kabisa. Kinga ikishuka sana, hasa CD4 (kipimo cha seli za kinga kwenye damu) chini ya 50, kirusi kinachoitwa CMV kinakula pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea picha. Jicho kwa nje linaonekana zima, jeupe, ila mtu anaona vidoti au nyuzi nyeusi zinaelea, au mwanga unamulika, au anagonga watu wa upande mmoja akitembea. Kinaweza kuanza jicho moja na lile lingine likawa linamfichia, ndo maana nawaambia wagonjwa fumba jicho moja, soma kalenda ya ukutani, alafu badilisha. Sehemu iliyokwisha kuliwa hairudi, tunachookoa ni iliyobaki, na ARV ndo nguzo ya yote.

Ukianza ARV kinga inapanda, na mara chache jicho linaweza kuvimba ndani kwa sababu kinga sasa inapigana, ukungu ukiingia njoo ila dawa usiache hata siku moja. Kichwa kikiuma sana siku kadhaa na macho yakaanza kufifia au kuona viwili viwili, hiyo sio ya kusubiri tarehe ya kliniki, nenda leo leo, inaweza kuwa fangasi kwenye utando wa ubongo. Anayemeza dawa za TB zenye ethambutoli, akiona rangi nyekundu imepauka, amwambie mhudumu haraka.

Najua wapo wanaotoka Moshi kwenda kuchukua dawa Arusha, na wa Arusha wanakuja huku, ili jirani asiwaone, na siwalaumu. Ila ukija macho, iwe Mawenzi, KCMC au Mount Meru, usitufiche. Dirishani sema tu jicho linasumbua, inatosha. Ukishaingia chumbani na daktari ndo umwonyeshe kadi ya CTC, yani ya kliniki unakochukulia ARV, na umtajie dawa zote unazomeza, maana kinyama kile kile tunakichukulia tofauti kabisa tukijua.